Posa Iliyokwama Igawa

Lusekelo alikuwa fundi wa maabara ya udongo pale Uyole, kijana makini kazini, lakini kwenye laptopu yake alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuwahi kufunga ukurasa wa mtandao. Akifungua habari ya mbolea, anasoma nusu, anasema ataimalizia kesho, anafungua nyingine. Kurasa zilijipanga juu ya kioo mpaka majina yake hayakusomeka tena, vikabaki vialama vidogo kama punje za ulezi. Mchumba wake Devota, mwalimu wa uuguzi mjini Iringa, alishamwambia mara nyingi afunge hizo tabu, kama alivyoziita kurasa hizo. Jibu lake lilikuwa moja: "Nitazihitaji."

Siku ya kupeleka posa aliondoka Uyole asubuhi kwa gari la kuazima, yeye na baba yake mkubwa, Mzee Yotamu, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga. Kwao Devota, Mlandege hukohuko Iringa, wazee walishakusanyika na sufuria zilikuwa jikoni. Lakini walipofika Igawa walikuta foleni ya malori isiyo na mwisho. Mbele huko lori la saruji lilikuwa limelala, limeziba barabara yote, na winchi ya kulinyanyua bado inasubiriwa.

Devota akapiga simu. "Wazee wa Kilolo lazima warudi leo," alisema. "Baba anasema kama miili imekwama, basi sura zije. Natuma linki."

Kioo cha simu ya Lusekelo kilikuwa kimepasuka vibaya, na ya Mzee Yotamu ilikuwa kitochi, ya kupiga na kupokea tu. Ikabidi laptopu itumike, simu itoe bando. Wakaingia mgahawa wa Mama Ngolo, Msukuma aliyehamia Usangu na mume wake miaka mingi iliyopita, akawapa meza iliyo karibu na umeme.

"Mnaposa kwenye televisheni?" aliuliza.

"Ni dharura, mama," alijibu Lusekelo.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Baba yake Devota, Mzee Silvester, alionekana katikati ya kioo, wazee wamemzunguka, wakasalimiana. Mzee Yotamu akajiweka sawa aanze maneno ya kuomba. Mara pua ikamwasha. Akafumba macho, akainua mkono ili apige chafya vizuri, na hapohapo picha ikaganda.

Mlandege wakamwona mshenga amefumba macho, mkono juu, kimya.

"Anaomba," alinong'ona Mzee Silvester, katekista mstaafu, naye akainamisha kichwa. Sebule nzima ikainama. Sala ikaendelea. Mtoto mmoja akaanza kusinzia.

"Wamoraviani hawa wana sala ndefu," alisema mzee mmoja kwa sauti ya chini.

Igawa, feni ya laptopu ilikuwa ikinguruma kama mashine ya kusaga, na mshale kwenye kioo haukusogea. Lusekelo akabonyeza huku na huku, akafanikiwa kufunga kurasa tatu. Picha ikarudi. Mlandege wote wakasema, "Amina." Mzee Yotamu hakuelewa, lakini hakuna ubaya katika amina, naye akaitikia.

Mzee Silvester akakohoa kidogo, akaingia kwenye jambo lenyewe. "Mzee mwenzangu, sisi hatuuzi binti. Ila desturi ipo. Tunasema ng'ombe sita."

Kule Igawa kioo kilikuwa kimeganda tena, wala sauti haikuingia. Ila yao ilitoka. Mzee Yotamu alikuwa ameinama kutazama zile alama za kurasa zilizojazana juu, na Mlandege wakamsikia akisema waziwazi:

"Hizi ni nyingi mno. Za nini zote? Punguza, bakiza moja tu inatosha."

Wazee wa sebuleni wakatazamana.

"Moja?" alisema Mzee Silvester taratibu.

Dada yake, Evarista, mwalimu wa Kiswahili mstaafu, aliinua kidole. "Hasemi ng'ombe. Ng'ombe ni wengi, abakie mmoja. Yeye kasema nyingi, ibakie moja. Ngeli haikubali."

"Evarista, kuanzia hapa mpaka Tunduma, nani anasema ng'ombe wengi?"

"Mimi."

Devota hakungoja waendelee. Alitoka uani akapiga kitochi cha Mzee Yotamu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Mashine imetushinda."

"Naomba umuulize Lusekelo amefungua tabu ngapi."

Mzee akamgeukia kijana. "Mkwe anauliza una tabu ngapi."

"Mwambie nyingi."

"Anasema nyingi," mzee alimwambia Devota. "Na mimi nimezijua leo."

Lusekelo akachukua simu. Devota akamwambia kila ukurasa ulio wazi unakula kumbukumbu ya mashine hata kama hautazamwi, na kwamba abonyeze Shift na Esc kwa pamoja aone nani mlaji mkubwa. Ikatokea orodha. Aliyeongoza alikuwa ukurasa wa trekta, picha inayojizungusha yenyewe bila kupumzika tangu mwezi uliopita.

"Unaoa mtu au unaoa trekta?" aliuliza Mzee Yotamu.

Trekta likafungwa. Feni ikapungua kidogo, lakini picha bado. Devota akamwambia azime kivinjari chote kisha akiwashe upya. Lusekelo akafanya hivyo. Kurasa zote zikarudi mbio kama kuku walioona mtama, trekta likiwa katikati yao.

Mama Ngolo alicheka mpaka akaweka chini sahani ya wali.

"Ulikiagiza kianzie ulipoishia," alisema Devota. "Ingia kwenye mipangilio, ubadilishe. Halafu toa na kile kidude cha kupakua video ulichopachika humo, nacho ni mlaji. Kisha funga zote."

"Zote?"

"Lusekelo, hapa nyumbani wanaamini mmekataa mahari yangu na mnataka kutoa ng'ombe mmoja."

Alizifunga kwa kasi ambayo hakuwahi kuijua. Feni ikanyamaza. Akabakiza ukurasa wa kikao peke yake, na sura ya Mzee Silvester ikatokea safi hadi mikunjo ya paji la uso.

Mzee Silvester alitangulia kusema. Dada yake alikuwa amemsihi asiharibu ndoa kwa sababu ya mifugo. "Tumeshauriana," alisema kwa heshima ya mtu aliyeumia, na kwa ngeli ya dada yake. "Tumepunguza. Leteni watatu."

"Mmepunguza kutoka wangapi?"

"Sita."

"Nani aliwaomba mpunguze?"

"Wewe."

Mzee Yotamu akashika kichwa. Akaeleza habari ya kurasa, na ya chafya pia, akaomba radhi. "Tutaleta sita," akamalizia.

"Nimeshatamka watatu mbele ya watu."

"Sita, mzee mwenzangu. Huko kwetu watasema nimemwibia mtu binti."

"Watatu."

"Sita au watatu?" aliuliza Mama Ngolo akifuta meza. "Kwetu Usukumani hao ni wa kupigia hodi tu."

"Mama, nakuomba," alisema Lusekelo.

Ni Evarista aliyewatoa hapo. Alipendekeza waje watatu, na wa nne awe mtamba mwenye mimba. Mzee Silvester akahesabu wanne, akaona hajaenda mbali na neno lake. Mzee Yotamu akahesabu watano, pamoja na ndama wa tumboni, akaona heshima ya ukoo imepona. Kila mmoja akakubali hesabu yake, na wanawake wa Mlandege wakapiga vigelegele.

Alasiri lori likaondolewa. Wakaingia Mlandege giza linaanza, wamechoka, baridi imewapata. Devota alimpokea Lusekelo kwa maji ya kunawa, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Mzee Silvester alimsogelea mshenga mlangoni, akamtazama juu hadi chini.

"Kamwene, karibu," alimsalimu kwa lugha ya kwao. "Kwenye kioo nilidhani wewe ni mrefu."

"Nilikalia kreti la soda," alijibu Mzee Yotamu, wakaingia ndani kula.