Mzee Orrin Hazungushwi na Mwanamume

Tamsin hajavua hata koti lenye theluji, Mzee Orrin akamdaka mlangoni. Huyo ndiye mwenyekiti wa kamati ya dansi za Jumamosi katika ukumbi wa wakulima, katika kijiji kimoja cha Vermont, Marekani, na ndiye anayeamua nani apande jukwaani mwezi ujao kuwatajia wachezaji hatua. Tamsin alikuwa anataja hatua hapo kwa mara ya kwanza, na hamu ya kualikwa tena ilimnyima chakula.

"Binti, mimi sina neno na mtu," alisema Mzee Orrin, kwa sauti ya mtu mwenye maneno. "Ila sizungushwi na mwanamume. Mgongo haukubali."

"Mgongo?"

"Mgongo."

Aliokuwa akiwakwepa ni Lucien na Garrett, waoka mikate, mtu na mumewe, waliokuwa benchini wakifunga kamba za viatu. Katika dansi ile watu husimama jozi jozi katika mstari. Jozi nusu huteremka, nusu hupanda, na wanaokutana huzungushana kisha wakasonga.

Tamsin akapata akili, au alidhani ni akili. "Teremka pamoja nao, mzee. Mnaoelekea njia moja hamkutani."

Mzee Orrin akampigia saluti, akaenda kumshika mkono Mama Lorraine, mwenzi wake wa dansi hiyo. Mama hakuambiwa kitu kuhusu mpango huo.

Fidla ikawaka, sakafu ikaitikia. Tamsin alichosahau ni kwamba mstari una mwisho: jozi ikifika chini hugeuka ikaanza kupanda. Na theluji ilikuwa imewabakiza wengi majumbani, kwa hiyo mstari wenyewe ulikuwa mfupi kama sala ya mwenye njaa.

Lucien na Garrett wakafika chini, wakageuka, sasa wanapanda kumwelekea Mzee Orrin. Mpiga fidla akamtazama Tamsin: akiinua kidole tu, muziki unakwisha. Tamsin akakiinua nusu. Watu walikuwa wanacheka, majasho yanawatiririka. Kuwakatiza hapo ni kumpokonya mtu sahani. Akakitumia kidole kujikuna sikio.

Garrett akanyoosha mikono. Mzee Orrin akatoka mstarini, akaenda kunywa maji.

Hapo ukumbini mtu husamehewa kukanyaga wenzake, kunuka jasho, hata kupiga kura vibaya. Kumwacha mwenzi katikati ya dansi, hapana. Lucien na Garrett wakamweka Mama Lorraine kati yao, wakamaliza watatu.

Muziki ulipokoma, Mama Lorraine akaja hadi jukwaani. "Nani alimpanga yule?"

"Mimi, mama. Alikuwa hajisikii vizuri na..."

"Yeye umemuuliza anavyojisikia. Mimi nani kaniuliza?"

Kipaza sauti hakikuwa kimezimwa. Tamsin akakisogelea. "Dansi inayofuata, asiyetaka akae, si kosa. Ukiingia mstarini, unampokea anayekuja."

Akaona mwezi ujao unampungia mkono wa kwaheri.

Mzee Orrin akamwomba mama mmoja wacheze, mama akasema miguu inamuuma. Akamwomba wa pili. Naye ghafla miguu. Garrett alishachukuliwa na Mama Lorraine. Lucien akamjia.

"Mzee, tumebaki sisi tu. Twende?"

Mzee Orrin akaitazama theluji dirishani. Ilikuwa nyingi.

"Nani anaongoza?"

"Chagua."

"Mimi."

"Haya. Usinikanyage tu, kesho nasimama dukani."

Walipopita mbele ya jukwaa, Mzee Orrin akasimama. "Wewe binti."

"Naam, mzee."

"Mwezi ujao usinipangie tena. Sasa taja hatua, tunapoa."