Jina la Baba Ukutani

Siku tatu baada ya kumzika baba yake, Averil Nance alipanda treni hadi mji wa pwani ambako marehemu alizaliwa, na ambako hakuwahi kukubali kumpeleka binti yake. Aliingia kanisa la parokia, akaanza kusoma ukutani majina ya waokoaji waliozama na mashua yao mwaka 1953. Jina la nne lilikuwa la baba yake.

"Huyu ni nani?" alimwuliza Bwana Tregear, mzee wa kanisa, aliyekuwa akipanga vitabu vya nyimbo.

"Jory Nance? Maskini, maiti yake haikuonekana. Mama yake alimlilia humu kila Jumapili, miaka ishirini."

"Lakini nimemzika Jumatatu!"

"Umemzika nani, mama? Hebu kaa kwanza."

Akamletea picha ya zamani ya waokoaji. Averil aliitazama, akaweka kidole juu ya kijana mmoja. Sikio lile lililochanika alilijua; miaka yote alikuwa akimnyoa baba nywele kulizunguka.

"Ndiye," alisema. "Alipona, halafu akamwacha mama yake alie?"

"Pengine aliona haya kupona peke yake. Au alikuwa na lake, nani ajuaye? Tulifute jina?"

Averil aligeuka, akalitazama tena jina lile ukutani. Hakujua kama amkasirikie baba au amlilie upya.

"Liacheni kwanza," alisema hatimaye. "Sijui hata nilimzika nani."