Uzito wa Mwalimu Glorious

"Shuka chini tuongee kama watu wazima."

"Ningekuwa naweza kushuka, ningekuja hapa kukuomba?"

"Basi usinisemeshe kutokea huko juu. Mimi si mwanafunzi wako."

"Madam, mama yangu anazikwa Jumamosi. Nipe pasipoti yangu nikazike, nitarudi."

"Nimeshakwambia, pasipoti iko kwenye kibali. Kibali kinashughulikiwa."

"Kinashughulikiwa tangu mwaka juzi!"

"Sasa unataka nikudanganye? Kinashughulikiwa."

Pankras alikuwa amesimama mlangoni ameshika kamba. Siku hizo ndiyo ilikuwa kazi yake akishamaliza kuleta watoto na Noah, gari la shule. Mwisho wa kamba, imefungwa kiunoni, alikuwepo Mwalimu Glorious, Mmalawi, mwalimu wa Kiingereza, anaelea usawa wa kalenda ya ukutani. Viatu vyake vilipigwa kiwi vizuri. Chini ya viatu kulikuwa na hewa, na chini ya hewa kulikuwa na meza ya Madam Kunigunda, mwenye shule.

"Pankras," Madam alisema, "mtoe mwalimu nje. Ananiangushia vumbi kwenye chai."

Pankras akavuta kamba. Mwalimu akainama kupisha fremu ya mlango, wakatoka.

Mambo yalianza mwezi ule kibali chake cha kwanza kilipoisha. Cha kwanza kilikuwa cha kweli kabisa, na mihuri yake. Kilipoisha, visigino vikaanza kuinuka, mwenyewe akadhani ni soli za viatu. Watoto ndio waliona kwamba mwalimu akipita kwenye vumbi haachi nyayo. Masika ile, matope yote ya Mbinga yale mnayoyajua, yeye peke yake aliingia darasani na viatu safi, na Marselina wa jikoni akawaambia walimu wengine waige mfano. Kufika Pasaka alikuwa shubiri moja juu ya ardhi. Wazazi hawakulalamika. Walisema wangepata Mzungu ingependeza zaidi, ila huyu naye Kiingereza chake kinateleza, na watoto wa nyuma sasa wanamwona vizuri.

Kiangazi kilichofuata upepo ulimbeba, ukamtupa kwenye kahawa ya jirani, akashikilia tawi mpaka mapumziko. Tokea siku hiyo wakamfunga kamba.

Bwana wa vibali alikuja mara moja. Aliomba rula ya mwanafunzi, akapiga magoti, akapima toka sakafuni mpaka kwenye soli. Akakaa, akafikiri.

"Sheria inamhusu mtu aliyeko nchini," alisema. "Huyu yuko juu ya nchi. Simkamati, maana hajakanyaga. Na kibali simpi, maana hayupo."

"Kwa hiyo nifanyeje?" Mwalimu akamuuliza.

"Muulize mdhamini wako," akasema bwana wa vibali, akamalizia chai, akaondoka.

Mdhamini ndiye Madam Kunigunda. Kumuuliza ndiyo ilikuwa hiyo biashara ya kila wiki.

Pankras alikuwa mtoto wa kaka yake Madam. Aliacha shule kidato cha pili, shangazi akamchukua, akamfundisha gari. Nyumbani anamwita Shangazi, shuleni Madam. Alipewa maagizo mapema sana: mwalimu akikuuliza njiani habari za kibali, sema kinashughulikiwa. Alilisema neno hilo mpaka likawa linatoka lenyewe. Siku moja mwalimu alimuuliza kama uji umeiva, akajibu kinashughulikiwa.

Lakini msiba ni kitu kingine. Jioni ile ya Alhamisi, baada ya ugomvi, mwalimu alimsikilizisha sauti aliyotumiwa na dada yake kwenye simu. Pankras hakuelewa yote, ila kulia alikuelewa. Mama alikuwa mochwari, kijiji ni huko kaskazini ya Nkhata Bay, na yeye ndiye mtoto wa kiume pekee. Kwao mtoto wa kiume asipotupa udongo, mazishi hayajaisha.

"Nataka niutupe udongo nikiwa nimesimama," mwalimu alisema. "Hicho tu. Nikisimama siku moja inatosha."

Ijumaa Madam alikwenda Maguu kwenye kikao cha kahawa. Funguo za ofisi zilikaa pamoja na za Noah. Pankras akaingia.

Kabati la chuma lilikuwa kona ile ya dirishani. Saruji chini yake ilikuwa imepasuka na kabati limezama kidogo. Walipopaka rangi, wanaume wanne walishindwa kulisogeza, wakapaka kulizunguka. Pankras akalifungua. Mbele kulikuwa na makopo ya biskuti na sanamu ya Bikira Maria. Nyuma, kwenye ndoo ya plastiki, kulikuwa na pasipoti. Ya Mganda aliyefundisha hesabu. Za mtu na mkewe kutoka Zambia. Wenyewe hawakuwepo tena. Mganda alikatika kamba kiangazi cha nyuma, akapeperuka kuelekea Liparamba, na warina asali wa huko walisema walimwona anapita, akawasalimia.

Ya Glorious ilikuwa juu. Pankras alijaribu kuichukua kwa vidole viwili, haikutikisika. Akaingiza mikono yote miwili, akakaza mgongo, akaipandisha begani kama gunia. Alibeba kahawa ya maganda tangu utoto na bega lake lilikuwa mzani. Alijua hapo kambeba mwanaume mzima, mwembamba, ambaye zamani alikuwa anakula vizuri.

Akatoka nayo taratibu. Mwalimu alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya bendera, anasahihisha madaftari. Pankras alivyokaribia, mwalimu akaanza kushuka. Alishuka usawa wa dirisha, akashuka usawa wa benchi. Akaweka kalamu mfukoni. Vidole vya miguu akavielekeza chini, kama mtu anayepima kina cha maji.

Pikipiki ikasimama getini. Kikao cha Maguu kilikuwa kimeahirishwa.

Madam Kunigunda akamlipa wa boda, akakung'uta vumbi kwenye kitenge, akaja bila haraka.

"Pankras, baba. Umembeba nani?"

"Mwalimu, Shangazi."

"Unampeleka wapi?"

"Pale tu. Asimame."

Madam hakufoka. Ndiyo ilikuwa shida yake, alikuwa hafoki na watu wa kwao.

"Sikiliza. Mwalimu wangu wa kwanza kutoka nje nilimpa pasipoti yake aende Krismasi kwao. Hakurudi mpaka leo. Darasa la saba walifanya mtihani bila mwalimu, wazazi nusu wakahamisha watoto. Nikimkatia huyu kibali, kesho shule ya Songea inamchukua. Akishasimama, Pankras, anatembea. Na akitembea shule inafungwa. Noah naiuza. Wewe utaenda wapi?"

Pankras akafikiri atakwenda wapi. Alifikiri kwa bidii, uzito uko begani. Kidato cha pili hakufika mwisho. Shamba la baba lilishagawanywa kwa wakubwa zake.

Mwalimu alikuwa amebakiza upana wa kiganja kugusa chini. Alimwangalia tu Pankras, na alitabasamu kidogo, kama anavyomfanyia mtoto anayekaribia kupata jibu.

Pankras akageuza, akairudisha kabatini. Kurudi kulikuwa kwepesi kuliko kwenda. Alipotoka, mwalimu alikuwa ameshafika juu, usawa wa bendera, na daftari moja limedondoka.

Madam akaliokota, akalifuta. Halafu akafungasha sukari, kanga mbili nyeusi na bahasha ya rambirambi ya walimu na watoto.

"Mpeleke," alimwambia Pankras. "Sisi si wanyama. Msiba ni msiba."

Jumamosi alfajiri wakashuka ziwani. Mwalimu alilala kwenye dari la Noah, mgongo juu, uso chini, na kwenye kona za mlima alijizuia kwa mikono. Hawakuongea habari ya jana. Ufukweni Mbaha walimkuta Sixbert, mvuvi, anatoa usipa kwenye nyavu.

"Shikamoo, baba mdogo," Pankras akasalimia.

"Marahaba. Na huyu wa juu naye hasalimii?"

"Shikamoo," mwalimu akasema.

"Marahaba. Pole na msiba, nimesikia. Shangazi yangu kaolewa upande huo huo, nawapeleka bure. Ila akiingia kwao uzito si unarudi? Atashukia wapi? Asije akaniangukia katikati ya boti, mbao zenyewe za mwaka gani."

Wakajadili. Kwa ramani waliyofundishwa shuleni Pankras na Sixbert, mpaka uko katikati ya ziwa. Kwa ramani aliyofundishwa mwalimu, ziwa lote ni la kwao, mpaka uko pale pale nyavu zilipoanikwa. Kama ramani yake ndiyo sahihi, akivuka tu mchanga anadondoka.

"Ngoja tujaribu," Sixbert alisema. "Serikali mbili zimeshindwa, leo tutajua."

Wakamvuta juu ya maji. Hakudondoka. Mvuvi mmoja akapiga makofi, akadai Tanzania imeshinda. Wakamfunga kwenye tezi, nyuma ya boti, na injini ikawashwa. Katikati ya ziwa Sixbert akapunguza mwendo, wakamwangalia wote. Hakudondoka. Wakaongeza mwendo. Milima ya kwao ikakaribia, na nyumba, na watu waliovaa nguo nyeusi wamesimama ufukweni. Boti ikagota mchangani. Hakudondoka.

"Basi siyo mpaka," Sixbert akasema. "Ni kitu kingine."

Pankras alikijua ni nini. Akajifanya anafungua kamba.

Ndugu wa marehemu hawakushangaa. Mtoto wa jirani aliyekwenda Joni, Afrika Kusini, alirudi hivyo hivyo, wakamfunga kwenye nguzo ya jiko mpaka leo. Mama mmoja mzee akampokea Pankras kamba kwa heshima, halafu akamrudishia, akasema ashike mwenyewe, ameshaizoea.

Makaburini mchungaji alisoma. Jeneza likashushwa. Dada yake mwalimu akachota udongo kwa mikono miwili, akaunyanyua juu, mwalimu akainama sana mpaka kamba ikakaza, akaupokea. Akasema neno moja kwa lugha yao. Akautupa.

Udongo haukushuka. Ulibaki hewani juu ya jeneza, kila chembe mahali pake. Watu wakasubiri. Mchungaji akakohoa. Mjomba mtu akajaribu kuusukuma kwa jembe, jembe likapita, udongo ukabaki. Mwishowe wakafukia kwa udongo wa wengine, wakapanga mawe, wakaweka maua, na ule wa mtoto wa kiume ukabaki juu ya kaburi usawa wa kifua. Kuku wakapita chini yake.

Wakati wa kula, dada mtu alikuja kukaa karibu na Pankras. Kiswahili chake kilikuwa cha kubangaiza.

"Wewe ndiye unashika kamba. Kaka atarudi lini kwetu? Kurudi kabisa?"

Pankras alikuwa na nsima, ugali wa kwao, mdomoni. Akameza.

"Inashughulikiwa," alisema.

Yule dada akamshukuru.

Hawakulala. Kamba yenyewe ilianza kuvuta kuelekea Mbinga, mwalimu akawaaga watu huku anaondoka. Walipoiona Mbaha ndipo mwalimu akaongea.

"Nimehisi chini," alisema. "Jana. Kama ukungu hivi, kwenye soli."

"Najua," Pankras akasema.

"Usingegeuka."

"Najua, mwalimu."

Sixbert akaongeza moto wa injini, hayo hayakuwa mambo yake.

Jumatatu mwalimu alifundisha. Alikuwa amepanda zaidi, darasani hakuenea, kwa hiyo alifundisha akiwa nje, kichwa kwenye matundu ya hewa juu ya dirisha, na watoto walizoea kujibu wakitazama juu. Madam alitoa tangazo la pole mstarini. Kisha akamtuma Pankras stendi.

Mwalimu mpya alishuka na begi moja na jiko la gesi. Alikuwa dada wa Kizambia, amekulia Nakonde mpakani, Kiswahili anakijua cha sokoni. Alicheka haraka. Alisema amesoma kwenye mtandao kwamba Mbinga kuna baridi, akanunua soksi. Pankras akamwangalia miguu. Miguu ilikuwa chini, imekanyaga tope la stendi, na lilikuwa limempanda mpaka juu ya soksi.

"Madam kasema nichukue pasipoti," Pankras alisema. "Ya kibali."

"Kwa nini nisimpe mwenyewe?"

"Ndivyo wanavyofanya."

Akampa. Ilikuwa nyepesi, kama kitu chochote cha karatasi. Pankras akaitia mfuko wa shati. Walipofika kona ya benki, mfuko ukaanza kuvuta. Walipofika getini, uzi wa shati begani ulikuwa umekatika na anaendesha ameegemea upande mmoja.

Dada akashuka kwenye Noah, akazunguka uwanja, akaona bendera, akaona bustani ya kabichi. Kutoka kwenye matundu ya dirisha, Mwalimu Glorious alimwona. Alifungua mdomo. Watoto arobaini walikuwa wanamsubiri amalizie sentensi, na Madam Kunigunda alikuwa ametoka kibarazani anapunga mkono. Akamalizia sentensi.

"Kaka," dada wa Zambia alisema, anacheka, anajiangalia miguu. "Mbona najiona kama nimevaa viatu virefu?"

"Ni kamwinuko haka ka Mbinga," Pankras alisema. "Utazoea."

Akageuka, akaenda stoo kutafuta kamba nyingine.