Udongo wa Mokami

Tipa lilikuwa limeegeshwa uani kwa Rahima Abubakari, Nyamisangura, mjini Tarime. Kila bodi ilipoanza kunyanyuka ili kumwaga mzigo, injini ilizima. Rahima, fundi umeme wa magari, alikuwa amelifungia kifaa wiki nzima likiwa kazini kwenye mgodi wa dhahabu. Kifaa kilirekodi meseji ambazo injini, gia, breki na bodi hutumiana kwenye nyaya. Sasa alikuwa amechomeka laptop na kuzirudia meseji zilezile, ili gari lidhani liko kazini na ugonjwa ujitokeze.

Mshale wa spidi ulipanda, ingawa matairi hayakusogea, na bodi ikajaa udongo mwekundu.

"Hiyo ni ya Jumatatu," alisema Wangwe, dereva, huku akipuliza chai yake. "Jumanne tulihamia kwenye mawe."

Bodi ikaanza kunyanyuka. Injini ikazima, udongo ukatoweka. Rahima akawasha upya.

Habari zilimfikia Bhoke kule Manchira, alikohamia baada ya kilima chao kuchukuliwa na mgodi. Wathamini wa fidia walipopita kilimani waliandika kwamba shamba halina kaburi. Bhoke alikuwa amesimama kando ya kaburi la mama yake, Mokami, akiwaonyesha kwa kidole. Kisha yakaja matipa. Sasa alipanda basi la alfajiri hadi Tarime na kuingia uani bila kubisha.

"Shikamoo, mama," Rahima alisema.

"Marahaba, mwanangu. Alhamisi walikuwa kwetu. Naitaka hiyo Alhamisi."

Wangwe aliweka kikombe chini. "Ni kweli," alisema. "Nilibeba mimi."

Rahima aliitafuta Alhamisi. Safari ya kwanza ilileta mabua ya mahindi na mafiga matatu yenye masizi. Ya pili ilimleta Mokami. Alikuwa ameketi juu ya udongo, amejifunga shuka alilozikwa nalo, akijikung'uta mchanga masikioni.

"Bhoke," alisema, "mbona umekonda hivyo? Na wale mbuzi..."

Bodi ikanyanyuka, injini ikazima, na Mokami akatoweka mdomo wazi.

Bhoke aliendelea kuitazama bodi tupu.

"Rudia," alisema.

Rahima alirudia. Mokami alifika tena kwenye mbuzi, akakatwa palepale. Ilikuwa wazi kwamba bila mzigo kumwagwa chini, hakuna kitu ambacho kingebaki. Rahima akaanza kuondoa meseji za sehemu moja moja ya gari, ili ajue ni ipi inayoiua injini.

"Vumilia, bibi, sasa naondoa za breki."

"Ondoa upesi. Huku juu kunatetemeka."

Injini ilizima. Akaondoa za gia, ikazima. Wangwe alimshauri apumzike, kwa kuwa jua lilikuwa kali. Bhoke alivua kitenge chake cha begani, akakishika juu ya laptop ili kiweke kivuli, na Rahima akaendelea. Alipoondoa meseji za sensa ya bodi, kile kihisi kinachopima imenyanyuka kiasi gani, injini iliunguruma bila kukatika. Bodi ilinyanyuka mpaka mwisho, na udongo ukamwagika uani, Mokami akateleza nao. Alisimama akiwa ameshika kiuno.

Bhoke alimshika mkono. Ulikuwa wa baridi na mzito.

"Mbuzi niliwauza, mama," alisema, na hapo ndipo alipolia.

Waya wa sensa ulikuwa umechubuka chini ya bodi. Wakati Rahima akiubadilisha, Bhoke alimpeleka mama yake kwa ofisa wa fidia. Ofisa aliinuka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Huyu ndiye aliyekuwa kaburini," Bhoke alisema. "Andika kwamba kaburi lilikuwepo."

Ofisa alifungua faili, akasoma, akamtazama Mokami. "Lakini bibi ameketi hapa. Basi kaburi hakuna. Tuliandika sawa."

"Andika kwamba lilikuwepo."

"Mama, umeshajibiwa," ofisa alimwambia Bhoke.

"Andika."

Bhoke alilisema neno hilo mpaka ofisa akafunga dirisha, akachukua funguo na kuwaomba watoke, maana anakwenda kula. Hakuandika.

Tipa lilihitaji kujaribiwa barabarani, kwa hiyo Wangwe aliubeba udongo wote hadi Manchira, mama na binti wakiwa mbele pamoja naye. Aliumwaga nyuma ya nyumba ya Bhoke kwa mara moja, bila tatizo. Kesho yake alirudi mgodini, akapangiwa kilima kinachofuata. Bodi ilikuwa inanyanyuka vizuri, wakamwongezea safari.

Mokami aliukagua uwanja taratibu, akikanyaga hapa na pale.

"Hapa pana dhahabu?" aliuliza.

"Hakuna, mama."

"Mmechimba mkaona?"

Hawakuwa wamechimba. Bhoke alichukua jembe na chepe, akachimba mpaka shimo likamfika kifuani. Mama yake alikuwa ameinama ukingoni, akipokea kila bonge la udongo, akilivunja kwa vidole na kulichungulia ndani. Ulikuwa udongo wa mfinyanzi mtupu, mweusi, usio na faida kwa mtu.

"Hapa sawa," Mokami alisema, akampa binti yake mkono ili amteremshe.