Pumzi za Bibi Harusi

Bwana Fupisha alisimamisha picha, akanigeukia na bisi mdomoni. "Huyu bibi harusi kanywa sumu saa ngapi?"

"Mwanzo wa wimbo," nikamjibu.

"Na bado anaimba?"

"Bado."

"Basi sumu hiyo imepitwa na wakati. Kata."

Jina lake halisi lilikuwa mlangoni pa ofisi yake, lakini sisi wa chumba cha uhariri tulimwita Bwana Fupisha, na sijaona jina lililomkaa mtu vizuri kama hilo. Ndiye mtayarishaji wa filamu. Mwenyewe aliamua kuchukua opera ya zamani, ambamo watu wanaimba tangu pazia lifunguliwe hadi lifungwe, aitie kwenye sinema, kisha kila siku akanung'unika kwamba watu wanaimba mno. Sijui alidhani opera ni nini. Mtu hanunui ng'ombe akalalamika kwamba ana pembe.

Safari hii hakuwa na simile. Wimbo wa kifo ulikuwa wa dakika nane. Ifikapo Ijumaa uwe chini ya sita. La sivyo angeutupa wote, na binti mmoja mwenye sauti changa aimbe mwingine, mfupi.

Hapo ndipo aliponikata maini. Kisura aliyeonekana kwenye picha alichezesha midomo tu. Sauti ilikuwa ya mama mkwe wangu. Miaka yote aliimba jukwaani, na jukwaa halimtunzii mtu kitu. Wimbo huu ndio pekee aliorekodi, sauti yake tupu, ala zikisubiri kupigwa baadaye. Mwezi uliofuata akapasuliwa koo. Tangu hapo ananong'ona. Wimbo ukitupwa, hakuna mwingine.

"Mama usimwambie," mume wangu akanisihi nyumbani.

"Nimwambie nini? Kwamba anachelewa kufa?"

Nikajifungia na wimbo ule. Kila ubeti nilioutoa, nikaurudisha. Nilikuwa karibu kulia ndipo nikagundua kwamba kati ya mstari na mstari mna nafasi: anavuta pumzi, anatua, anavuta tena. Nikaanza kuzitoa pumzi, moja baada ya nyingine, nikaunganisha mistari, na palipoungwa nikapafunika kwa picha: dirisha, glasi iliyoanguka, shangazi wa bibi harusi ambaye analia tangu filamu inaanza. Halikupotea neno hata moja, na dakika sita hazikutimia. Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, nikajisemea, na kisu ni changu.

Ijumaa asubuhi nikamleta mama mkwe asikilize. Nilitaka kusifiwa, kwa nini nifiche? Akaketi kwenye kiti changu, kitambaa shingoni kufunika kovu, akafumba macho. Sauti yake ilipoanza, kifua chake kikaifuata, kama wafanyavyo waimbaji hata wakiwa kimya. Mstari wa kwanza ukapita, na wa pili. Wa tatu akawa kama anatafuta kitu. Akanishika mkono, akaubana. Kabla ubeti haujaisha akapaliwa, akakohoa hadi machozi yakamtoka, nami nikazima mashine nikakimbilia maji.

"Ni koo, Mama?"

Akatikisa kichwa. Ikabidi nisogeze sikio. "Hapo navuta pumzi wapi?"

"Mama, nimekuokolea beti zote. Sijakata neno."

"Maneno!" Hata kwa kunong'ona alijua kufoka. "Maneno yaliandikwa na watu waliokufa zamani. Kila mwimbaji anayo. Pumzi ndizo zangu. Umenipamba vizuri, mwanangu, halafu ukaniziba pua."

Nilikasirika, tena sana. Wiki nzima nimegombana na Bwana Fupisha kwa ajili ya beti za Mama, nimegombana na mwanawe, usingizi sina, halafu yeye ananiuliza habari za pumzi!

"Basi nikate nini?" nikauliza, kwa sauti ambayo mkwe hapandishiwi.

"Ubeti wa pili na wa nne," akanong'ona, bila hata kufikiri. "Anarudia tu kwamba anampenda. Tumeshamsikia."

Beti nilizozipigania kufa na kupona. Nikazikata zote mbili huku nikisonya, nikazirudisha pumzi zote mahali pake, na bado dakika sita hazikutimia.

Jioni tukakaa kwenye chumba cha maonyesho, Bwana Fupisha mbele na bisi zake, sisi wawili nyuma. Bibi harusi akanywa sumu, akaimba, akafikia neno la mwisho. Kabla ya neno hilo kuna pumzi moja ndefu, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni. Mama mkwe alivuta yake pamoja nayo, kifua kikapanda. Kwenye spika ikatoka sauti. Mdomoni mwake ikatoka hewa tupu. Vikaisha pamoja, wala hakukohoa. Na bisi nazo sikuzisikia.

"Pale," Bwana Fupisha akasema bila kugeuka. "Pale kabla ya neno la mwisho, anapovuta pumzi. Parefushe kidogo."

Yeye! Nilitaka kucheka, na nilitaka kumtupia kiatu. Nikamtazama mama mkwe. Alikuwa amekunja mikono mapajani, anatazama kiwambo kilichokwisha kuwa cheupe.

"Haiwezekani," nikasema. "Hiyo ndiyo yote aliyokuwa nayo."