Chungwa Humenywa kwa Mikono Miwili

Tangu mkewe alipofariki, Usumani alikuwa akimlea bintiye Ikirezi palepale kwenye kibanda chake cha ushonaji, mtaani Biryogo. Mtoto alicheza na vipande vya vitambaa chini ya meza, na baba akakanyaga cherehani kutwa nzima. Karibu na mkono wake wa kulia palikuwa na kopo la bombo, zile peremende za rangi rangi ambazo watoto wa Kigali huzipenda kuliko chakula. Ikirezi akiuliza kitu, alipewa bombo. Akitaka kubebwa, bombo. Vita vilikuwa vimeanza huko kaskazini, na wateja walipoingia na habari ambazo mtoto hapaswi kuzisikia, alitiwa bombo mkononi na kuambiwa akacheze nje.

Usumani hakuona ubaya. Mtoto alikuwa kimya na kazi ilikwenda.

Mwaka uliofuata, Ikirezi aliamka asubuhi moja shavu limevimba, hata maji yakamshinda. Baba alimfunga mgongoni kwa kanga ya marehemu mkewe akampeleka zahanati. Muuguzi, mama mmoja mpole aliyeitwa Mukabalisa, aling'oa jino lililooza, na mengine mawili akayatazama kwa huzuni. Kisha akamwuliza mtoto, wala si baba, hupenda kula nini.

"Bombo," alijibu Ikirezi, pamba ikiwa bado mdomoni. "Baba akiwa na kazi ananipa."

"Na baba ana kazi lini?"

"Kila siku."

Mukabalisa hakumgombeza mtu. Alieleza tu namna sukari inavyokula meno, akawaaga. Lakini jibu lile lilimwingia Usumani kama sindano iliyovunjikia kidoleni. Aliporudi aligawa bombo zote, akatangaza kwamba mambo ya sukari yamekwisha.

Hayakwisha. Ikirezi alilia, akanuna, akaanza kuomba wateja. Siku moja Usumani alimkuta nyuma ya pazia anaramba sukari ya chai kwenye kiganja. Aliinua mkono ampige. Mtoto hakukimbia, alificha kiganja mgongoni, akamtazama baba yake kwa macho ya mtu aliyezoea kungoja. Mkono ukashuka wenyewe. Usumani akaketi sakafuni kando yake.

Kesho yake, kabla ya kufungua kibanda, walikwenda sokoni pamoja. Alimwambia achague tunda lolote alipendalo. Ikirezi alinusa mananasi, akabonyeza maparachichi, akawachosha wauzaji, mwishowe akachukua machungwa. Saa nne alitaka kula. Usumani aliunyoosha mkono wake kama alivyozoea, akakumbuka kuwa chungwa halimenywi kwa mkono mmoja. Ikabidi cherehani isimame. Alimenya polepole, na mtoto akamwuliza mbegu hulala wapi, mama yake alipenda tunda gani, na kwa nini watu wanaongea kwa sauti ndogo siku hizi. La mwisho hakuweza kulijibu vizuri. Mengine aliyajibu.

Kazi ilichelewa, na wateja wengine walilalamika. Zipo siku Usumani alichoka, akatamani kopo lake. Hata hivyo sokoni waliendelea kwenda, na Ikirezi akawa hodari wa kuchagua, hata akajua ndizi kisukari zilizoiva vizuri kwa kuzinusa tu.

Sikukuu ya Idi, jirani yao Nyiraneza alimletea mtoto bombo kiganja tele. Usumani aliuma ulimi, akaendelea kupinda suruali ya mteja. Ikirezi alishukuru, akazitazama, akala moja taratibu hadi ikayeyuka. Nyingine aliziweka mezani, akamsogelea baba yake na papai mkononi.

"Malizia kwanza mshono," alisema. "Nitangoja."

Usumani akaondoa mguu kwenye kanyagio, akatafuta kisu.