Plasta ya Siku Tatu

Koti lile nililishona mimi. Naanza na hilo kwa sababu watu wa mtaa huu wananipa pole kana kwamba niliangukiwa na tofali nikiwa napita njia. Wapi! Kitambaa nilichagua mimi, vipimo nilichukua mimi, na juu ya mfuko wa kifuani nikatarizi neno moja kwa uzi wa bluu: DOKTA. Nilikaa na neno lile siku nzima, wateja wamenuna, gauni la harusi la mtu linaning'inia ukutani halina mikono.

Mimi ni fundi cherehani. Nina kibanda mbele ya nyumba ninayopanga, mashine moja ya kukanyaga, na binti mmoja wa miaka tisa. Huyo kwa maneno mengi tulimbatiza Chiriku. Baba yake aliondoka zamani na hatumhesabu. Macho yangu yalipoanza kugoma kuona vitu vya karibu, kazi ya kutunga uzi kwenye sindano ikawa ya Chiriku. Akirudi shule anakaa kwenye kigoda, anatunga sindano kumi, kila moja rangi yake, anazichomeka kwenye mto, na muda wote huo mdomo haufungi: mwalimu kasema nini, nani kachapwa, paka wa jirani kapiga chafya mara ngapi.

Yule bwana alikuja kupunguza suruali. Nikampima, nikamtania, "Unafanya kazi gani wewe, mbona mikono laini hivi?" Akasema ni daktari wa mifupa, hospitali kubwa. Aliporudi kuchukua suruali alikaa saa nzima, akanishika kiganja na kunitajia mifupa yake mmoja mmoja kuanzia kidole gumba. Mimi huyo nikaisha. Mwanamke wa miaka arobaini, natajiwa mifupa na ninayeyuka! Miezi minne baadaye alikuwa anakula kwangu, analala kwangu, na siku ya kwenda kujitambulisha kwa wazee imeshapangwa. Mtaa ukaanza kuniita Mama Dokta. Nilijifanya sipendi.

Dada yangu mkubwa ndiye peke yake aliyeguna. Anauza mkaa, mikono myeusi na ulimi mkali.

"Daktari gani huyu saa kumi kamili kila siku yuko mlangoni anaulizia chai?" aliniuliza. "Madaktari wana dharura. Huyu dharura zake ziko kwenye sufuria yako."

"Dada, huo ni wivu."

"Haya. Kipya kinyemi ingawa kidonda," akasema, akajitwisha gunia lake akaondoka.

Na mimi dalili nilikuwa nazo, tena mikononi mwangu, maana nguo zake nilifua mimi. Koti lilirudi jeupe vilevile lilivyoondoka, halina hata mkunjo wa kiwiko. Suruali ndiyo ilijaa unga mweupe wa plasta ya kufungia mifupa, kuanzia kiunoni mpaka kwenye pindo. Sasa koti refu linafika magotini. Unga utapitaje chini ya koti bila kuligusa koti? Swali hilo angeliuliza hata mwanafunzi wa ushonaji wa wiki mbili. Mimi nilikung'uta suruali nje, nikaianika, nikaendelea kuimba.

Chiriku alianguka siku ya Alhamisi, saa kumi kasoro kidogo alasiri, kutoka kwenye ukuta wa nyuma ya nyumba. Nilisikia kelele, nikakimbia na futi yangu ya kupimia shingoni. Mkono wa kulia ulikuwa umepinda katikati ya kiwiko na kiganja, mahali ambapo mtu hana kiungo. Dada alikuwa ameshafika. Akaniambia nivae viatu twende hospitali sasa hivi. Nilikuwa navaa viatu. Naapa nilikuwa navaa viatu, kiatu kimoja tayari kipo mguuni, watu waliojaa uani wakapiga kelele, "Dokta huyo! Dokta kafika!"

Wakampisha njia. Alichuchumaa mbele ya mtoto, akautazama ule mkono, na jasho likamtoka. Akasema kwa sauti ndogo, "Labda twende tu hospitali, wenzangu wamtazame."

Hapo ndipo mimi nilipofungua mdomo wangu. Majirani wote wamesimama, yule mama wa duka aliyewahi kunicheka kwamba nitazeeka peke yangu amesimama, na mimi nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Mwenye daktari nyumbani akapange foleni ya nini? Mtibu hapahapa!"

Akanitazama. Alikuwa na nafasi ya kusema. Maneno manne tu yangetosha: mimi si daktari, jamani. Akasema, "Sawa, mama. Nipe nusu saa nikachukue vifaa."

Dada alisema na alisema. Nilimwambia kama anataka hospitali aumwe yeye. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu langu zima, natembea nalo mpaka leo.

Alirudi na roli za plasta na pamba. Akauvuta mkono, mtoto akalia kilio ambacho bado nakisikia nikikanyaga mashine. Akazungushia pamba, akalowesha roli kwenye beseni langu la kufulia, akazungusha kutoka kwenye vifundo vya vidole mpaka juu ya kiwiko. Akaisawazisha kwa kiganja mpaka ikang'aa. Ilikuwa plasta nzuri, nisiseme uongo. Mama wa duka akasema, "Kweli hii ni kazi ya msomi." Nikavimba kichwa.

Ijumaa vidole vilikuwa vimevimba.

"Mama, inabana," Chiriku akasema.

Nikamwita yule bwana. Akasema uvimbe ni kawaida, amempa dawa ya maumivu, tumwekee mto chini ya mkono. Mchana mtoto alikataa kula. Jioni nilimgusa vidole, vilikuwa baridi, na nilipojaribu kukinyoosha kimoja alipiga ukelele akaniuma bega. Nikamuuliza yule bwana, "Kwani haiwezi kukatwa ikalegezwa kidogo?"

"Ukikata, mfupa unatoka tena," akasema. "Unataka awe kilema?"

Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, anajifuta uso kwa shati. Nilidhani ni huruma.

Chiriku akasema, "Mama, nataka daktari."

"Daktari si huyu hapa, mwanangu?"

Mtoto akamtazama yeye, akanitazama mimi, akafumba mdomo. Usiku ule wote hakuzungumza tena. Chiriku wangu, anayeongea hata usingizini, kanyamaza, na mimi nikaona sasa anatulia.

Jumamosi akasema haumwi tena. Nilifurahi, jamani! Nilitoka nje nikawatangazia watu kwamba maumivu yamekwisha. Jumapili asubuhi dada alikuja na uji. Akaviona vidole vilivyobadilika rangi, akaweka bakuli chini, akaenda kibandani kwangu. Alirudi na sindano kutoka kwenye mto, ina uzi mwekundu bado, uzi aliotunga Chiriku mwenyewe. Akamchoma kwenye ncha ya kidole cha kati. Damu haikutoka, na mtoto alikuwa anatazama dirishani na wala hakugeuka.

Dada hakunitukana. Alimbeba mgongoni kama mtoto mchanga, akatoka naye mbio, nami nikamfuata na kanga moja. Yule bwana hakuwepo. Alikuwa ameaga asubuhi kwamba yuko zamu, koti kaliacha kwenye kamba halijakauka.

Hospitali tulipokelewa na daktari mwanamke, kijana, mwenye miwani. Aliutazama mkono hata sekunde tano hazikupita.

"Nani kafunga hii?"

"Daktari wenu," nikasema, nikamtaja.

"Hapa hatuna daktari wa jina hilo." Akawa tayari amefungua mlango. "Na hapa mkono uliovunjika leo hauzungushiwi plasta nzima. Unawekewa nusu tu, ya kuegemea, unafungwa bandeji, uachiwe nafasi ya kuvimba. Baada ya wiki moja ndiyo tunazungusha." Kisha akapaza sauti kwenye korido, "Niitieni Msumeno! Upesi!"

Akaingia mtu amevaa ovaroli ya buluu, unga mweupe kuanzia kiunoni mpaka kwenye viatu, kimsumeno cha umeme mkononi na waya wake kaukunja vizuri begani. Alikuwa analalamika, "Jumapili hii nani tena..." Akatuona.

Ukweli wenyewe huo. Hakuna aliyenieleza. Msumeno ni yule anayekata plasta watu wakishapona, basi. Kazi halali kabisa, ina heshima yake, ningempenda nayo. Koti langu alikuwa analivua kwenye kona, analikunja ndani ya mfuko wa plastiki, na kulivaa tena saa tisa na nusu.

"Kata," daktari akamwambia.

Akakata. Na alijua kukata! Mkono haukumtetemeka. Mstari mmoja huku, mstari mmoja huku, akaingiza koleo, akaipanua, plasta ikafunguka vipande viwili. Hata dakika mbili hazikuisha. Siku tatu mwanangu aliteseka karibu na mtu pekee katika mtaa wetu anayeweza kuitoa plasta ile kwa dakika mbili. Hakuitoa, kwa sababu kuitoa ni kukiri.

Ndani ya plasta sitaki kupasimulia.

"Uliwahi kufunga hata moja?" daktari akamuuliza.

"Nimeziona nyingi, dokta. Miaka kumi na moja."

"Umeziona za wiki ya sita," daktari akasema. "Zote zinakujia zimezungushwa, kwa sababu uvimbe umeshakwisha. Siku ya kwanza hujawahi kuiona."

Dada akamtemea Msumeno mate miguuni, wakamtoa dada nje, kisha wakamwingiza mwanangu chumba cha upasuaji.

Mkono haukukatwa. Watu husema tumshukuru Mungu, nami namshukuru. Lakini misuli ilikuwa imeshakufa, na vidole vimekunjamana kwenye kiganja kama vimeshika kitu. Daktari yule mwenye miwani aliniambia wazi, akiwa amekaa, ananiangalia machoni: havitafunguka. Nikamuuliza, je, kama ningemleta Ijumaa? Nikamwambia asinifiche. Akasema Ijumaa angekuwa na mkono.

Yule bwana alifukuzwa kazi, nasikia, na kuna kesi. Alikuja mara moja tu, akasimama mlangoni mwa kibanda. Akasema aliogopa kunipoteza. Akasema, "Nilitaka twende hospitali. Wewe ndiye uliyekataa mbele ya watu." Nilimpiga kwa rula yangu ya mbao mpaka ikakatika vipande viwili, na angesimama ningempiga na pasi. Nilimpiga kwa sababu alikuwa mwongo. Nilimpiga pia kwa sababu hilo moja lilikuwa kweli.

Koti lilibaki kwangu, lilikuwa kwenye kamba siku ile. Nimelikatakata, nafutia mafuta ya mashine.

Wiki iliyopita Chiriku alikaa tena kwenye kigoda kwa mara ya kwanza. Amerudi shule, anajifunza kuandika kwa kushoto. Haongei sana siku hizi, nami sijui niongee nini. Nilikuwa napinda shuka la mteja. Akasema bila kuniangalia, "Mama, mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba anko si daktari. Kuna msichana darasani kwetu alivunjika mguu. Alisema aliyemkata plasta ni yule anayekaa kwetu, na kule wanamwita Msumeno."

Mguu wangu ukasimama kwenye pedali. "Lini hiyo?"

"Zamani. Kabla sijaanguka."

"Na hukuniambia? Wewe? Paka akipiga chafya unaniambia!"

"Ulikuwa unaimba," akasema. "Kabla yake ulikuwa unashona huimbi."

Nikakumbuka ile Ijumaa. Nataka daktari, aliniambia, na alijua anachosema, tena alinipa nafasi ya mwisho nimwelewe. Mimi nikamwonyesha yuleyule. Nilitaka kumkumbatia nikashindwa, nikaona aibu mbele ya mtoto wangu mwenyewe. Nikachukua sindano badala yake. Nikalamba uzi, nikalenga tundu, ukapita pembeni. Nikalenga tena, ukapita pembeni.

"Nipe, mama."

Akaibana sindano katikati ya magoti, akaushika uzi kwa mkono wa kushoto, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa. Akakosa. Akaulamba uzi, akajaribu tena, kimya.